Kitanda cha Binti Yairo

Juzi kanisa lilimpa wifi yangu cheti. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba amefundisha watoto kwa uaminifu miaka thelathini na moja, kikatiwa fremu na kioo, na mchungaji akampa mkono huku kwaya ikiimba. Mimi nilikaa mstari wa nne nikiwa nimekunja uso. Si kwamba cheti kina uongo. Ila atakayekisoma atafikiri ni habari za mama mmoja mpole aliyekuwa akiimba na watoto na kuwagawia peremende, na wifi yangu hakuwa mpole hata siku moja, na peremende alizipiga marufuku darasani kwa sababu zinanata kwenye karatasi.

Watoto walimwita Mwalimu Gundi. Wazee wa kanisa waliona ni utovu wa adabu, wakawakemea, lakini mwenyewe alilipenda jina hilo. Ni dada wa mume wangu, amemtangulia kwa miaka tisa, na kwangu ni wifi, na wifi mnamjua ni mtu wa namna gani. Tulitaniana, tulinuniana, tukapatana tena kwa sababu alihitaji mtu wa kumshikia upande wa pili wa boksi.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Walichapa maboksi ya dawa: ya vidonge, ya maji ya kikohozi, ya mafuta ya kuchua mgongo. Boksi likitoka limechapwa upande halifai tena, na msimamizi alimruhusu kubeba yaliyoharibika kila Ijumaa. Kwa hiyo watoto wa kanisa letu wameijua Biblia yote kwa maboksi ya dawa. Safina ya Nuhu ya mwaka mmoja ilikuwa imeandikwa ubavuni: kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Goliathi tulimtengeneza kwa katoni kubwa, akasimama vizuri mpaka wakati wa sala, kisha akamwangukia mzee wa kanisa aliyekuwa amefumba macho. Wifi hakucheka. Alimwomba radhi mzee, akamkagua Goliathi kama amevunjika.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma, palipowekwa viti vibovu. Kulikuwa na dirisha moja, mabenchi mawili marefu na moja fupi la wadogo, na kabati lenye mlango usiofunga. Ukutani alibandika karatasi yenye majina ya watoto na siku waliyokosa, kwa sababu mtoto akikosa Jumapili mbili alikwenda kwao kuuliza kulikoni. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, asubuhi na mapema, akaibeba ikiwa bado vuguvugu kwenye kopo lenye mfuniko. Chumba kizima kilinuka unga mbichi. Hata leo nikipita mahali panaponuka hivyo namkumbuka.

Alikuwa na sheria moja tu: kila mtoto atoke na kitu mkononi. Sheria hiyo ilitokana na aibu. Jumapili yake ya kwanza kufundisha, akiwa msichana bado, alieleza habari za uumbaji kwa nusu saa nzima, tena kwa ufasaha. Wiki iliyofuata akawauliza wanakumbuka nini. Wakatazamana. Mwishowe mmoja akasema anakumbuka mwalimu alivaa viatu visivyofanana. Na ilikuwa kweli, alivaa gizani akiwa na haraka. Tangu siku hiyo hakusimulia kitu bila kukitengeneza kwanza.

Tena alikuwa na namna yake ya kukitengeneza. Alikaa mezani kwetu akafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Akate kwa kushoto, akunje kwa kushoto, apake gundi kwa kushoto. Mara ya kwanza kumwona nilimuuliza, "Wifi, mkono wa kulia umegoma?"

"Mkono wangu wa kushoto una miaka sita," akanijibu. "Ukishindwa huu, nao watashindwa."

Akishindwa alikitupa, akabuni kingine rahisi zaidi. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyetoka chumbani mwake akilia kwamba yake imeharibika. Nani aliyaandika hayo kwenye cheti?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kuna somo alilokuwa akiliruka. Mwanzoni sikugundua, kwa maana mimi si mtu wa kanisa sana. Nilikwenda kwa ajili ya kwaya, na kwa ajili ya kumsaidia kubeba. Lakini miaka ilivyopita nikaona kila tukifika kwenye habari za Yairo, yule mkubwa aliyemwendea Yesu kwa sababu binti yake anakufa, wifi anafungua kurasa mbili kwa pamoja na kuendelea mbele. Nikamuuliza mume wangu. Alikuwa anafunga mkanda wa viatu, akaacha.

"Dada aliwahi kuwa na mtoto," akasema. "Wa kike. Alikufa na miaka mitatu, kabla hujaja kwetu. Usimuulize."

"Aliitwa nani?"

"Nimekwambia usiulize."

Akaendelea kufunga viatu. Baadaye niliokota vipande vingine kwa mashangazi: kwamba baba wa mtoto hakustahimili, akaondoka baada ya msiba akaoa kwingine, na kwamba wifi alikusanya nguo na picha akazitoa nyumbani kwa siku moja. Jina halikutajwa. Katika familia ile wanaweza kukaa mezani saa tatu wakabishana kuhusu bomba lililoziba, lakini jina lile walilipita kimya kimya, hata mama mkwe wangu mpaka anakufa.

Mwaka wake wa ishirini na sita wa kufundisha, kililetwa kitabu kipya cha masomo, na orodha ikabandikwa mlangoni ili mchungaji ajue wiki hii watoto wanasoma nini. Binti Yairo alikuwa Jumapili ya kumi na moja. Nilingoja kuona ataruka vipi safari hii na orodha iko mlangoni. Ijumaa akaja kwetu na maboksi, akaketi, akachukua mkasi kwa mkono wa kushoto.

"Mwaka huu nitalifundisha," akasema. "Nimekuwa mtu mzima, wifi. Siwezi kuendelea kuogopa ukurasa."

Nilifurahi kwa ajili yake. Namwambia kila mtu kwamba nilifurahi, ili ajue hata mimi sikuona kilichokuwa kinakuja.

Alitengeneza kitanda kwa boksi la vidonge lililokatwa juu. Ndani alilaza binti wa karatasi ngumu, amekunjwa kiunoni ili aweze kuketi, na mgongoni amebandikiwa uzi unaopita kwenye tundu la ubao wa kichwani. Ukiuvuta uzi, binti anainuka. Ukiuachia, analala. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na alikifanya mara nne mpaka mkono wa kushoto ukakiweza.

Uzi aliutoa kwangu. Mimi nashona sare za shule, na nilikuwa na kibunda cha uzi mweupe kilichokaa dirishani miaka mingi mpaka jua likaula. Kwenye cherehani usingefika nusu ya mshono. Nilijua. Nikasema moyoni, ni mchezo wa watoto, nikampa.

Jumapili ilifika. Alisimulia kwa sauti ya chini, akiwa amesimama karibu na dirisha: baba anakuja mbio, njiani watu wanamzuia, wengine wanamwambia asijisumbue kwa kuwa mtoto amekwisha kufa, na Yesu anaingia chumbani, anawatoa nje wanaopiga kelele, anamshika mtoto mkono na kumwambia aamke. Watoto walikuwa kimya kabisa. Wakatengeneza vitanda, wakavuta nyuzi, binti ishirini na wawili wakainuka kwa pamoja, na wifi yangu akageuka kidogo akajifuta uso na kiganja chenye gundi.

Kisha akaongeza kitu ambacho hakikuwa kitabuni. Kilikuwa chake mwenyewe, kutoka kwenye mazoea yake ya kuwapa watoto kazi ya wiki.

"Mgongoni mwa binti yako," akasema, "andika jina la mtu wenu anayeumwa. Kila siku asubuhi na jioni vuta uzi, umwinue, umwombee huyo mtu. Jumapili ijayo mtaniambia."

Wakainama kuandika. Waliandika bibi zao na miguu ya bibi zao, mmoja akamwandika paka. Msichana mmoja akainua mkono. Tulimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alikuwa na miaka minane, binti wa fundi viatu anayefanyia kazi kwenye baraza lile lile ninaposhonea, na ndiye aliyebaki kila wiki kuosha brashi bila kuambiwa.

"Mwalimu, nikivuta mara nyingi zaidi?"

"Vuta hata mara mia," wifi akamwambia.

Kidoti alikuwa ameandika jina la mdogo wake, mtoto wa miaka minne, aliyekuwa na homa tangu Ijumaa. Nyumbani walidhani mafua. Jumatatu wakampeleka hospitali, akalazwa. Jumanne akapata nafuu, akanywa maji, akamuulizia dada yake. Ijumaa asubuhi alifariki.

Tulikwenda msibani mimi na wifi. Alikaa kwenye mkeka karibu na mama wa mtoto, akamshika mkono muda mrefu bila kusema kitu. Kwa mambo hayo wifi ni mtu wa kutegemewa; haongei ovyo. Kidoti alitokea mlangoni na trei ya vikombe, akamwona mwalimu wake, akaiweka chini palepale akaenda nyuma ya nyumba. Tukasema ni uchungu, kila mtoto ana yake. Jumapili hakuja darasani, na hiyo nayo tukaielewa.

Zikapita siku tisa baada ya mazishi. Asubuhi moja fundi viatu alifika barazani, akatandaza vifaa vyake, asiguse hata kimoja. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi. Kwa kawaida hunitania kwamba cherehani yangu inakohoa kuliko mzee. Siku hiyo alikaa tu.

"Jirani," akaniita mwishowe. "Mwanangu hali."

"Atakula, fundi. Muda bado mchache."

"Hali, halii, halali. Jana ameniomba uzi wa viatu. Ule wa nta. Nikampa, nikafikiri anataka kushona kitu, angalau acheze. Baadaye namkuta nyuma ya nyumba na kile kitanda cha karatasi cha wifi yako. Ameunga uzi. Anavuta, anaachia, anavuta, anaachia. Vidole vimemchubuka." Akatazama viganja vyake mwenyewe. "Akaniambia uzi ulikatika Jumatano jioni, alivuta kwa nguvu. Anasema yeye ndiye aliyemuua mdogo wake. Halafu ananiuliza, baba, huu wako haukatiki, nikivuta sana atarudi?"

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye cherehani. Niliusikia ukikanyaga wenyewe, sindano ikashona hewa.

"Mwambie wifi yako," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ningepumua. "Mwambie mwanangu harudi kule. Tumezika mmoja, na huyu wa pili ananiondokea machoni."

Nilifunga kazi kabla ya saa sita. Sijui nilikuwa nakimbilia nini, maana habari yenyewe ilikuwa ya kuchelewesha, si ya kuwahisha. Wifi alikuwa zamu ya asubuhi. Nikamngojea kwake mpaka alipoingia na maboksi kwapani. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya uzi wangu mbovu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliyaweka maboksi chini, akayapanga makubwa kwa madogo, akayapanga tena upya.

"Nilimwambia mara mia," akasema.

"Wifi, hukuweza kujua."

"Nilimwambia mara mia."

Jumapili ya wiki hiyo wifi hakuja darasani. Nililichukua darasa mimi, na sitaki kulieleza. Itoshe kusema watoto wawili walipigana na mmoja alikula gundi. Yeye alikuwa ofisini kwa mchungaji, akimkabidhi ufunguo wa kabati. Mchungaji wetu ni mtu mwema, kijana bado, ana majibu yaliyopangwa vizuri. Hakuupokea ufunguo. Alimshauri aende akamwambie mtoto kwamba Mungu alimpenda mdogo wake zaidi ndiyo maana akamchukua.

Jioni akinisimulia hayo, nikamwona kwa mara ya kwanza wiki ile akiwa na ukali wake wa kawaida.

"Nilimwambia Mungu anaamsha watoto. Sasa nikamwambie anawachukua anaowapenda? Huyo mtoto ataomba asipendwe. Ataogopa hata kulala." Akavua viatu, akavitupa pembeni. "Na ndiyo maneno waliyoniambia mimi. Niliyasikia mpaka nikatamani kuwa kiziwi."

Ilikuwa mara ya kwanza kugusia habari zile mbele yangu. Nikanyamaza, kwa kuogopa nikijitikisa atanyamaza naye. Akanyamaza vilevile.

"Utamwambia nini basi?" nikamuuliza baadaye.

"Sina cha kumwambia. Lakini nikikaa hapa ataendelea kuvuta."

Jumatano, alipotoka kazini, tulikwenda. Nilimwona hana mfuko, hana kopo, hana karatasi. Miaka yote niliyomjua hajawahi kwenda kwa mtoto mikono mitupu, na mikono ile haikujua ikae wapi. Mara aishike mbele, mara aifiche kwenye vazi.

Fundi viatu anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Kulikuwa na vumbi la msumeno mpaka kwenye kizingiti. Alitufungulia mwenyewe, akamtazama wifi, na kwa muda nilifikiri atatufungia mlango. Adabu ikaishinda hasira, akatukaribisha. Mkewe alikuwa kwenye jiko dogo pembeni, akaitikia salamu bila kugeuka, akaanza kutafuta vikombe. Kidoti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Amekonda uso, ile alama shavuni ikaonekana kubwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilifungwa kitambaa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, bila kuinua macho.

"Marahaba."

Wifi akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Nilitegemea aanze kwa mbali, kama watu wazima tunavyofanya, amuulize shule, amuulize anaendeleaje. Hakufanya hivyo.

"Kidoti, nimekuja kukuomba msamaha."

Fundi akainua kichwa. Vikombe vikaacha kugongana. Mimi nimeishi miaka mingi, sijaona mwalimu akimwomba msamaha mtoto wa miaka minane mbele ya baba na mama yake, na nilijisikia kutaka kutoka nje.

"Nilikufundisha vibaya," akaendelea. "Nilikwambia uvute uzi, nikakufanya uamini kwamba kupona kwa mdogo wako kuko mkononi mwako. Hakukuwa mkononi mwako. Kosa ni langu, si lako."

Mtoto akasema, kwa sauti ndogo iliyonyooka, ya mtu aliyekwisha kulirudia jambo mara nyingi moyoni, "Ulikatika Jumatano. Jioni. Alikuwa ameanza kupona, mama alisema amekunywa maji. Halafu mimi nikaukata."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Uzi ulikuwa mbovu, mwanangu. Ni mimi niliyeutoa. Ulikuwa umeoza, ungekatika hata kwa mtu mwingine."

Akanigeukia. Ndiyo mara ya kwanza kuinua macho. "Kwa hiyo ungekuwa mzima angepona?"

Nilikwenda kuzima moto nikaumwagia mafuta ya taa. Baba yake akatazama pembeni, nami nikatazama miguu yangu.

Wifi alivuta pumzi. Nilimsikia akiivuta, na ilichukua muda.

"Mimi nilikuwa na binti," akasema. "Alikuwa na miaka mitatu. Aliumwa siku kumi na moja. Siku zote kumi na moja nilipiga magoti pembeni ya kitanda chake nikaomba. Sikusahau hata mara moja, Kidoti. Asubuhi, mchana, jioni. Sikuvunja kitu, sikukata kitu. Daktari alisema nipumzike, sikupumzika. Kila nilichojua kufanya nilikifanya sawasawa, na hakuna hata kimoja kilichokatika. Naye akafa."

Mama wa mtoto alikuwa ameacha kila kitu, amesimama na birika mkononi.

"Hukukosea?" Kidoti akauliza.

"Sikukosea. Nilitafuta miaka mingi nilikosea wapi. Niliamka nikitafuta, nililala nikitafuta. Nilifikiri labda neno moja kwenye sala, labda nilikasirika siku fulani. Sikupata, kwa sababu halikuwepo. Mimi sikumuua binti yangu. Na wewe hukumuua mdogo wako. Ungevuta kwa mnyororo wa chuma, Ijumaa ingefika vilevile."

"Mbona yule wa Yairo aliamka?"

Nilijua swali hilo lazima litakuja. Nikamtazama wifi, mtu mwenye jibu la kila swali, aliyewahi kuwaeleza watoto kwa nini nyangumi hakumtafuna Yona.

"Sijui," akasema. "Nimeuliza miaka mingi, na bado nauliza. Naamini Yesu aliingia chumbani kwa binti yangu, akakaa, na naamini aliingia kwa mdogo wako pale hospitali. Hilo naliamini, sitakuficha. Lakini kwa nini yule aliinuka na wa kwetu hawakuinuka, sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya, na nimekwisha kukuumiza vya kutosha."

Fundi viatu alikaa chini, kwenye sakafu, akaegemeza mgongo ukutani. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akipiga randa ubao, anasimama, anaendelea. Kidoti alikuwa akimchunguza mwalimu wake usoni, polepole, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, namna mwalimu huyo anavyochunguza kazi ya gundi kabla ya kuiruhusu ikauke. Niliona anapima kama mtu huyu anasema kweli.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Wifi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mikono yake iliyokuwa magotini ikashikana. Nilitaka kumwambia mtoto aache, hilo haliulizwi. Nilikuwa nimefundishwa hivyo kwa miaka kumi na tisa tangu niolewe katika nyumba ile, na katika miaka hiyo sikuwahi kulisikia likitajwa na mtu yeyote, si mume wangu, si mama mkwe, si mashangazi wanaojua kila kitu.

Akalitaja. Lilikuwa jina fupi, la kawaida kabisa, na sauti yake ilikatika katikati, akalitaja tena ili litoke zima.

Kidoti akalirudia. Kisha akataja jina la mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu wamzike. Uso wake ukakunjika, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na mama yake akaweka birika chini akaja kumbeba.